Kusoma vitabu saba vya Narnia na watoto: mwongozo kamili kuanzia ununuzi hadi sura ya mwisho

C. S. Lewis alizaliwa Belfast mwaka 1898, na alikuwa akifundisha fasihi ya Kiingereza huko Oxford alipotoa mwaka 1950 kitabu cha kwanza cha Narnia, nchi ya kubuni yenye wanyama wanaosema. Baada ya hapo kilitoka kimoja kila mwaka hadi 1956, vikatimia saba, vyote vikiwa na michoro ya Pauline Baynes. Jumla yake ni sura 110. Kwa mwendo wa sura tano kwa wiki, kazi yote ni wiki 22, yaani miezi mitano na ushei. Inawezekana kabisa hata katika nyumba yenye watu wenye shughuli nyingi, ila njiani kuna vizingiti vinavyojulikana, na anayevijua mapema huvivuka.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu anayemsomea mtoto kwa sauti. Mtoto anayesoma mwenyewe anaweza kufuata mpangilio uleule.

Mpangilio: anza na kabati la nguo

Ukitazama migongo ya matoleo mengi ya siku hizi utakuta namba 1 imewekwa kwenye The Magician's Nephew. Usiifuate. Namba hizo zilienea kuanzia 1994, mchapishaji HarperCollins alipovipanga upya vitabu kwa kufuata historia ya ndani ya Narnia, tangu nchi hiyo ilipoumbwa hadi mwisho wake. Wasomaji wa kwanza walivipokea hivi, na hivi ndivyo mtoto wako anavyopaswa kuvipokea:

1. The Lion, the Witch and the Wardrobe, 1950, sura 17
2. Prince Caspian, 1951, sura 15
3. The Voyage of the Dawn Treader, 1952, sura 16
4. The Silver Chair, 1953, sura 16
5. The Horse and His Boy, 1954, sura 15
6. The Magician's Nephew, 1955, sura 15
7. The Last Battle, 1956, sura 16

Sababu imo ndani ya vitabu vyenyewe. Katika kitabu cha kwanza watoto wanne wa Uingereza wanaingia Narnia kupitia kabati la nguo. Katika sura ya 7 linatajwa jina la Aslan, simba ambaye ndiye bwana wa Narnia, na msimulizi anamwambia msomaji kwamba watoto wale hawakujua Aslan ni nani, kama na yeye msomaji asivyojua. Mtoto aliyeanza na The Magician's Nephew anajua tayari, kwa hiyo ukurasa huo unampita bure. Nguzo ya taa inayowaka peke yake katikati ya msitu wenye theluji nayo ni kitendawili kikubwa cha kitabu cha kwanza, na jibu lake liko kwenye cha sita. Ukilitanguliza jibu, kitendawili hakipo tena. Isitoshe, The Magician's Nephew inafungua kwa kusema kwamba ni hadithi muhimu kwa sababu inaonyesha jinsi safari za kwenda na kurudi Narnia zilivyoanza. Maneno hayo ni ya kumwambia mtu ambaye Narnia anaijua.

Mwaka 1957 Lewis alimjibu kwa barua mvulana wa Marekani aliyependelea kufuata historia ya Narnia. Alisema anaelekea kukubaliana naye, kisha akaongeza kwamba huenda mpangilio si jambo kubwa. Wanaotetea namba za 1994 huegemea barua hiyo. Kwa anayesoma mara ya pili, wana haki. Kwa anayeanza, hapana.

Kitabu kimoja tu kinaweza kuhamishwa bila madhara: The Horse and His Boy. Kisa chake chote kinatukia wakati watoto wanne wa kitabu cha kwanza ni wafalme na malkia, kwa hiyo unaweza kukisoma mara tu baada ya kabati la nguo kama mtoto anapenda sana farasi. Usivitenganishe cha tatu na cha nne, maana Eustace, binamu wa watoto hao, anayebadilika katika kimoja ndiye anayeongoza safari ya kinachofuata.

Kununua

Fungua ukurasa wa yaliyomo kabla ya kulipa. Kitabu cha kwanza kikiwa na sura pungufu ya 17, ulichoshika ni toleo lililofupishwa. Yako mengi ya namna hiyo, hasa yale yenye picha za filamu za 2005, 2008 na 2010 kwenye jalada. Yanasimulia kisa tu na kuacha sauti ya msimulizi, na sauti hiyo ndiyo nusu ya raha.

Kwa vitabu vya mitumba na nakala zilizotolewa fotokopi, pitisha kidole kwenye namba za kurasa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kitabu kilichoshonwa vibaya hukosa fungu zima la kurasa kwa mkupuo, na pengo hilo utaligundua usiku, mtoto akikusubiri.

Lipo pia toleo la juzuu moja lenye vitabu vyote saba. Mara nyingi ni nafuu kuliko kununua kimoja kimoja, lakini ni zito kwa mtoto kulishika kitandani, na vitabu ndani yake vimepangwa kwa namba za 1994. Ukilinunua, bandika vipande saba vya karatasi pembeni mwa kurasa, kila kimoja na mwaka wake, usije ukafungua palipo mbele na kuanza kusoma.

Jambo la mwisho kwenye ununuzi: matoleo ya zamani ya Marekani yanatofautiana kidogo na ya Uingereza, kwa sababu Lewis aliyarekebisha mwenyewe. Mbwamwitu mkuu wa polisi wa Mchawi Mweupe, adui wa kitabu cha kwanza, anaitwa Maugrim Uingereza na Fenris Ulf Marekani, na mwisho wa sura ya 12 ya The Voyage of the Dawn Treader nao uliandikwa upya. Kama darasa linatumia nakala mchanganyiko, waambie wanafunzi mapema, la sivyo mtadhani mmoja anasoma vibaya.

Umri, muda na lugha

Mtoto wa miaka sita au saba anaweza kusikiliza kitabu cha kwanza. Kusoma mwenyewe kwa Kiingereza kunahitaji awe darasa la tano hivi, au la nne kama masomo yake yote ni kwa Kiingereza. Kitabu cha saba kiache hadi afikishe miaka tisa au kumi, hata kama sita vya kwanza amevimaliza mapema.

Sura moja ya kitabu cha kwanza inasomeka kwa sauti ndani ya dakika 15 hadi 20. Sura za safari ya baharini ni ndefu zaidi, panga dakika 25. Ukiwa unaeleza kwa Kiswahili katikati, ongeza nusu ya muda huo.

Kueleza huko kuna ufundi wake. Kosa la kawaida ni kutafsiri kila sentensi baada ya kuisoma: muda unakuwa maradufu, mwendo wa hadithi unakatika, na mtoto anazoea kungoja Kiswahili tu bila kusikiliza Kiingereza. Fanya hivi badala yake. Pitia sura peke yako mchana na upigie mstari maneno yasiyozidi kumi ambayo yakikosekana kisa hakieleweki. Usiku anza na sentensi mbili au tatu za Kiswahili kukumbusha mlipoishia. Soma nusu ukurasa kwa Kiingereza bila kusimama, kisha eleza kwa Kiswahili kile tu ambacho uso wa mtoto unaonyesha hakikuingia. Maneno ya wahusika yasome kama yalivyo, kwa sauti tofauti tofauti, hata pale mtoto asipoelewa kila neno, kwa kuwa hasira na woga husikika kabla ya maana.

Mtoto ambaye Kiingereza bado hakimwingii msimulie. Soma ukurasa kimyakimya, kisha useme kwa maneno yako. Lewis anasimulia kama mtu aliyekaa mbele ya wasikilizaji: anakatiza, anamgeukia msomaji, anatoa ushauri. Msimulizi mzuri wa Kiswahili anafanya hayohayo, kwa hiyo usiyaruke makatizo hayo ukidhani ni ya ziada.

Kitabu cha kwanza: tayarisha mambo manne

Kwanza, kwa nini watoto wako nyumbani kwa profesa wasiyemjua. Kuanzia Septemba 1939 Uingereza iliwahamisha watoto kutoka miji mikubwa kwenda mashambani kwa hofu ya mabomu, wakakabidhiwa kwa watu wasio ndugu zao. Kitabu kinalieleza kwa sentensi moja tu, kwa sababu wasomaji wa 1950 walilipitia wenyewe. Mwambie mtoto wako kabla ya kuanza.

Pili, kabati. Msimulizi anarudia mara kadhaa kwamba ni upumbavu kujifungia kabatini, na Lucy, mdogo kuliko wote kati ya watoto wanne, anauacha mlango wazi kila mara. Kaka yake Edmund anaufunga. Onyo hilo ni la kweli: makabati ya zamani yalikuwa hayafunguki kwa ndani. Lirudie kwa msisitizo, kwa sababu usiku huohuo au kesho yake mtoto atataka kujaribu kabati lenu.

Tatu, Turkish Delight, kitamu kinachomfanya Edmund awasaliti nduguze. Mtoto wa pwani ataielewa upesi ukimwambia ni jamaa ya halua: wanga na sukari vilivyopikwa pamoja, ila hakina samli, kina marashi ya waridi, na hukatwa vipande vikanyunyiziwa sukari ya unga. Mwambie pia kwamba peremende ziliuzwa kwa mgawo Uingereza hadi Februari 1953. Bila habari hiyo Edmund anaonekana mjinga tu. Mtoto anayepewa ratili kadhaa za utamu katika nchi ambayo peremende zinapimwa kwa kadi ni mtoto aliyetegwa penye udhaifu wake.

Nne, majira. Mchawi Mweupe ameifanya Narnia iwe baridi daima kwa miaka 100. Katika sura ya 11 theluji inaanza kuyeyuka, maji yanasikika chini ya barafu, maua yanachomoza, na gari la Mchawi linakwama kwenye tope. Ndipo ushindi unapoanza, na hakuna upanga uliochomolewa. Mtoto aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa atasoma kurasa hizo kama maelezo ya mandhari tu, asijue kwamba hizo ni habari za vita. Mweleze siku moja kabla kwamba Ulaya theluji ya majira ya baridi huyeyuka yenyewe kadiri jua linavyorudi, na mimea iliyolala ardhini huchipuka ndani ya wiki chache. Theluji ya Kilimanjaro inasaidia kumpa picha ya weupe na baridi, ila haimpi wazo la nchi nzima kubadilika kwa pamoja.

Kisha iko kanuni moja ambayo haina ruhusa ya kuvunjwa: sura ya 14 na ya 15 zisomwe kwa kikao kimoja. Ya 14 ndimo Aslan anamofungwa, kunyolewa manyoya ya shingo, kudhihakiwa na kuuawa juu ya Meza ya Jiwe. Mtoto akilazwa hapo halali. Tenga dakika 40, anza mapema jioni, na usipunguze mwendo ukifika kwenye kisu. Ukiona uchovu, ni heri kusoma sura ya 13 tu na kuziacha hizo mbili kwa kesho.

Wazazi huuliza juu ya dini. Lewis alikuwa Mkristo, na kifo na kufufuka kwa Aslan vinafuata kisa cha Yesu kwa makusudi. Ni vyema mzazi, awe Mkristo au Mwislamu, alijue hilo kabla mtoto hajauliza. Lakini hadithi inasimama yenyewe. Usimfafanulie mtoto kila alama. Akikuuliza, mjibu kwa ukweli na kwa imani ya nyumba yenu, kisha endeleeni.

Prince Caspian: hapa ndipo wengi hukwama

Watoto wanne wanarudi Narnia, wanakuta magofu, wanamwokoa kibeti mmoja, halafu kuanzia sura ya 4 hadi ya 7 wanatoweka kabisa. Sura hizo nne ni masimulizi ya kibeti Trumpkin juu ya mwanamfalme Caspian. Ukizisoma moja kwa usiku, mtoto anakaa karibu wiki nzima bila rafiki zake na anapoteza hamu. Zisome Jumamosi na Jumapili, mbili mbili, na kila unapoanza mkumbushe kwamba bado Trumpkin ndiye anayesema.

Hapa pia anza karatasi ya miaka. Chora safu mbili, Uingereza na Narnia, ukitumia ratiba aliyoiandika Lewis mwenyewe: 1940 ni 1000, 1941 ni 2303, 1942 ni 2306 kwa safari ya meli, na mwaka huohuo wa 1942 ni 2356 kwa The Silver Chair. Mtoto ataona mara moja kwamba hakuna uwiano. Mwaka mmoja wa Uingereza unaweza kuwa miaka 1,303 au mitatu. Karatasi hiyo ndiyo inayojibu swali la kwa nini Caspian ni kijana hapa na mzee kule.

Safari ya meli na kiti cha fedha

The Voyage of the Dawn Treader ndicho rahisi kuliko vyote kukisoma kwa vipande, kwa sababu kila kisiwa ni kisa. Bandika ukutani karatasi ndefu, na kila mkifika kisiwani mtoto achore na kuandika nani kati ya mabwana saba wanaotafutwa amepatikana hapo. Kurasa za daftari la Eustace zisome kwa sauti ya kulalamika, maana anajitetea na kupotosha mambo, na mtoto mdogo anaweza kudhani ni msimulizi anayesema kweli. Sura ya 12, ya kisiwa cha giza ambako ndoto za usiku huwa kweli, isomwe mchana.

Mwanzoni mwa safari Caspian anakomesha biashara ya watumwa katika Visiwa vya Upweke. Gavana anatetea biashara hiyo kwa hesabu za faida. Mtoto wa darasa la sita aliyesoma shuleni jinsi soko la watumwa la Zanzibar lilivyofungwa mwaka 1873 ana la kusema hapa. Mpe nafasi.

Kwa The Silver Chair, kazi ni moja. Katika sura ya 2 Aslan anampa Jill, msichana anayesoma shule moja na Eustace, ishara nne na kumwamuru azikariri kila siku. Mtoto wako naye aziandike kwa maneno yake na kuzibandika karibu na kitanda, na kila usiku azisome kabla ya sura. Jill ataanza kuzisahau, na mtoto aliyezishika ataona kosa kabla ya Jill kuliona. Asiyezishika hataelewa kwa nini safari inaharibika. Sura ya 12, ambamo Malkia wa nchi ya chini anawabishia hadi wanatilia shaka kuwapo kwa jua, soma polepole sana. Ni mabishano, na kila hoja inajengwa juu ya iliyotangulia.

The Horse and His Boy, na swali la Calormen

Kisa ni cha mbio: mvulana aliyelelewa na mvuvi, binti mtukufu anayekimbia ndoa, na farasi wawili wanaosema. Hakina sura ngumu. Ugumu uko kwenye watu wa Calormen, adui wa kusini, ambao Lewis amewapa ngozi nyeusi, vilemba, panga zilizopinda na salamu ndefu za kumtukuza mtawala. Msomaji wa pwani ataona mavazi ya babu yake yamevikwa maadui. Katika The Last Battle mambo yanazidi, kwani baadhi ya vibeti wanawatukana Wakalormeni kwa rangi yao.

Usiruke kurasa hizo na usijifanye hukuona. Muulize mtoto: nani ameelezwa kwa sura yake na nani kwa matendo yake? Nani katika Calormen ni mwema? Majibu yapo. Aravis ni Mkalormeni na ndiye jasiri wa kitabu, na katika The Last Battle askari Emeth anapokewa na Aslan ingawa maisha yake yote alimtumikia mungu mwingine. Mwambie pia bila kuficha kwamba mwandishi wa Uingereza wa enzi hizo aliazima picha za Mashariki zilizokuwa zimezoeleka kwao bila kuzihoji, na kwamba hilo ni doa kwenye kazi nzuri.

Viwili vya mwisho

The Magician's Nephew ina pete za njano na za kijani, na mchawi aliyezitengeneza hazielewi vizuri. Andika pembeni: njano inakupeleka kwenye msitu ulio kati ya dunia zote, kijani inakutoa msituni kwenda dunia fulani. Bila hilo utachanganyikiwa wewe kabla ya mtoto. Jambo zito zaidi ni mama yake Digory, mvulana wa kitabu hiki, ambaye anaumwa na anakaribia kufa. Lewis alifiwa na mama yake mwaka 1908 akiwa na miaka tisa, na kurasa hizo zina uzito wa mtu anayejua. Kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa mahututi, ahirisha kitabu hiki, kwa sababu tofaa linaloleta uponyaji linaweza kumpa mtoto tumaini ambalo hospitali haitalitimiza.

The Last Battle ilipata Carnegie, tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto, na ni kitabu kizito. Nusu ya kwanza ni ya udanganyifu unaoshinda: nyani anamvika punda ngozi ya simba na watu wanaamini. Watoto hukasirika na kutaka kuacha, kwa hiyo soma sura mbili kwa kikao hadi mfalme Tirian apate msaada. Sura tatu za mwisho zisome pamoja, mchana wa siku isiyo na shule. Humo msomaji anaambiwa waziwazi kwamba wahusika karibu wote aliowapenda wamekufa katika ajali ya treni Uingereza, na kwamba huko waliko ndiko uhai wa kweli ulikoanza. Baada ya hapo usifunge kitabu na kuzima taa. Kaeni.

Swali litakalokuja ni la Susan, mmoja wa watoto wanne wa kitabu cha kwanza, ambaye hayumo. Ndugu zake wanasema ameacha kuijali Narnia na anajali mavazi na mialiko. Watoto wa kike hasa huona ameonewa, na kuna waandishi wakubwa wanaokubaliana nao. Jibu sahihi ni kwamba Susan hakuwa kwenye ajali na hakufa. Lewis alimwandikia msomaji mmoja mtoto, mwaka 1957, kwamba Susan yu hai bado katika dunia hii na anao muda mwingi wa kubadilika.